Pasi ya Mkaa

Tukuyu mvua hainyeshi, inahamia.
Inakuja na magodoro yake, inalala mpaka Juni,
na kitambaa cha meza kinaunyonya ukungu
kama kichanga usiku, mama kasinzia.
Ndiyo maana kila saa nane mchana, kabla ya wateja,
napuliza mkaa, naipasha pasi ya marehemu mke wangu,
nainyoosha meza ya puli
kama yeye alivyonyoosha shati langu la fainali.

Meza ikilowa, mpira husema uongo.
Unaupiga uende Masoko, unaishia Katumba.

Wewe Lusubilo, usiniite lejendi.
Lejendi hakopi chumvi kwa Mama Sekela.
Mimi ni Anyosisye Mwakifuna, kibarua wa kiwanda cha chai,
nusu ya kidole hiki cha shahada
niliiacha kwenye mashine ya kusaga majani, mwaka tisini na tano.
Kisiki kilichobaki, fimbo ikakipenda.
Ikakaa pale, haitetemeki, haiyumbi.
Watu wa Kyela wakasema huyu ana dawa.
Dawa! Nilikuwa na pengo.

Nimeshinda, ndiyo. Ukiulizwa useme hivyo.
Nimeshinda Kiwira, kwa wachimba makaa ya mawe
waliokuwa wakiacha alama nyeusi za viganja ukingoni.
Nimeshinda Uyole, kreti mbili na mbuzi.
Mbuzi nikarudi naye kwa basi la mwisho, yuko kwenye buti,
analia Isyonje nzima
utadhani ni yeye niliyemfunga.

Halafu Iringa.
Fainali ya kanda, elfu mbili na tatu,
ukumbi wa nyuma kule Miyomboni, baridi inang'ata masikio.
Mpinzani wangu Mtatifikolo, mpole kama mganga wa meno,
kila mchezo ukianza ananiambia "kamwene"
na mimi simwitikii.
Ikabaki nyeusi peke yake, mdomoni mwa shimo.
Hata mtoto angeipuliza ikaingia.

Nikainama. Nikaweka kisiki changu.
Simu ikaita kaunta.
Nikamwona mwenye ukumbi akisikiliza, hasemi,
kisha macho yake yakaanza kunitafuta juu ya vichwa vya watu.

Nilijua.
Mke wangu nilimwacha Makandana, kitanda cha dirishani,
akaniambia nenda, ni tumbo tu, shati nimeshanyoosha.

Nikapiga kwanza.

Hilo ndilo ninalokuambia, Lusubilo, si habari za kreti.
Nilijua, na nikapiga kwanza.
Nyeusi ikaingia bila kugusa kingo,
wakaninyanyua, na nikiwa huko juu, mabegani mwao,
ndipo mwenye ukumbi akanifikia, akanivuta mguu wa suruali.

Mtatifikolo alinisindikiza mpaka stendi.
Alibeba fimbo yangu. Hakusema kitu.
Mpaka leo sijui kama yu hai, na ile salamu nadaiwa.

Kombe? Ndilo hilo hapo.
Nachotea mkaa.
Likijaa, linatosha pasi moja, halizidi.

Fimbo utaipata, usiikodolee macho.
Leo shika pasi.
Jaribu moto kwa mate: yakiruka, subiri; yakilala, haifai.
Anzia ukingoni, nenda upande mmoja, usirudirudi,
kitambaa kina malaika kama mkono wa mtu,
ukikipapasa kinyume kinasisimka siku nzima.
Hapo kwenye mshono pita taratibu.
Hapo nilichana mwenyewe, kwa kisu cha jikoni,
usiku wa matanga,
na asubuhi nikaazima sindano kwa shemeji zangu
nikaanza kushona, kwa uzi wake wa bluu.
Unaonekana, eh? Wageni hudhani ni mstari wa mchezo.

Haya, puliza.
Akina Ipyana wameshaanza kugonga dirisha.
Waache wagonge. Mpira mweupe uko mfukoni mwa koti langu,
na haufiki mezani mpaka pakauke.