Kioo Kisichosifu

Tukuyu, Julai. Ukungu umeingia hadi ofisini
na kipanya kimekufa.
"Afadhali," anasema Lusekelo. "Sasa utajifunza."

Kioo cheusi. Kijistari kinapepesa
kama jicho la mtu aliyekuja kudai.

Naandika pwd: niko wapi?
Kinajibu bila salamu: /home/atupakisye.
Naandika ls, wanajipanga Januari, Februari, Machi,
kilo za chai za wakulima mia na tatu
nilizonakili mpaka kidole kikaota sugu.

mkdir aprili. Nabonyeza.
Kimya.
Narudia, labda hakikusikia.
Hapo kinafoka: lipo tayari!
Lusekelo kicheko, koti zima linatikisika.
"Ukipatia hakisemi kitu, dada.
Ukikosea ndipo utakisikia."

Mama alikuwa hivyo, pale kwenye mizani ya Katumba.
Kapu langu likitimia alilipokea
akatazama pembeni.
Likipungua nusu kilo, mgomba kwa mgomba walijua.
Miaka ile yote nilidhani hanipendi.

(rm bado naiogopa.
Ameiandika ukutani kwa chaki, na chini yake:
hapa hakuna jalala la kufukua.)

Jioni nimepotea, folda ndani ya folda,
cd nukta mbili, cd nukta mbili,
narudi kinyumenyume kama mtu na mtelezo wa matope.
"Acha kuhesabu. Andika cd tupu,
usitaje mahali."

Naandika. Nabonyeza.
Kimya.

Sirudii.