Aya ya Saba

Mimi ndimi niliyeichapa. Nilitangulize hilo
kabla wakili hajalivika joho.
Ijumaa, saa kumi jioni, feni imekufa,
New Amsterdam inanuka mto na mpunga uliolowa,
na kidole changu, mahali pa "mashariki",
kikaandika "magharibi".

Neno moja.
Magharibi mwa shamba la Sookdai Ramkellawan
kuna lango moja tu la maji, nalo ni lake mwenyewe.
Lango lililoachwa wazi usiku ule wa mvua
ni la jirani, Hardat Bisnauth,
upande wa jua kuchomoza.
Basi hati yangu, yenye stempu zake zote,
ikamshitaki mjane kwa kujigharikisha.

Wakili alitia saini bila kusoma.
Karani wa masjala akaigonga muhuri mara tatu
kama anayeua mbu.

Miezi kumi na mmoja.
Kisha Bwana Adonis wa upande wa pili,
mtu wa kukohoa kabla ya kuchoma,
akasimama na pingamizi:
"Mheshimiwa, kwa maneno yake mwenyewe mdai
maji yalitoka kwake, yakaja kwake.
Mteja wangu yumo humu
kama mgeni aliyekosea nyumba ya arusi.
Shauri litupwe."
Chumba kikacheka, hata askari wa mlangoni.
Mimi nikazihesabu mbao za sakafu.

Jaji Vanderhyde hakucheka. Alivua miwani.
"Mdaiwa, ulipoisoma hati hii,
ulidhani ni lango lipi linalosemwa?"
Bisnauth akamtazama wakili wake. Wakili akatazama dirisha.
"Basi hukupotea njia," akasema jaji,
"umejibanza tu nyuma ya kibao kilichogeuzwa."
Ruhusa ya kurekebisha. Siku kumi na nne.
Gharama za leo, dola elfu ishirini, alipe mdai.

Nilizilipa mimi.
Hilo halimo katika mwenendo wa shauri.

Sheria inavyokiri kosa ni hivi: haifuti.
Unachukua rula na wino mwekundu,
unapitisha mstari katikati ya neno,
lililokosewa lizidi kusomeka,
kisha unaandika lililo sahihi
na kulipigia mstari chini, mwekundu vilevile.
Ukikosea tena, wino wa kijani.
Nimewahi kuona hati ya urithi
yenye rangi nyingi kuliko kitenge.

Jumatatu Sookdai alikuja kutia saini upya.
Aliweka kidole juu ya "magharibi".
"Mbona bado naliona?"
Nikamweleza.
Akakaa. Akavua kandambili moja,
akaitazama, akaivaa tena.

"Usiku ule nilimwambia Deonarine
yeye ndiye aliyeacha lango wazi.
Akatoka na tochi. Akalikuta limefungwa.
Alirudi amelowa chapa, akaniambia.
Nikamwita mwongo.
Homa ilimchukua siku ya tisa."

Kisha, kwa sauti ile ile
aliyoulizia bei ya nakala:
"Na hayo niliyomwambia,
yana siku ngapi?"

Kanuni ninazijua. Najua ukomo wa muda,
najua hati hupelekwa kwa nani mdaiwa akiwa hai
na kwa nani akiwa hayupo.
Feni ilikuwa imeshatengenezwa;
ndiyo iliyomjibu.

Alitia saini polepole chini ya wekundu ule,
na kalamu yangu akaitumbukiza mkobani
mbele ya macho yangu,
kama mtu achukuaye chenji yake.
Sikumdai.

Shauri limepangwa Oktoba.
Jana Bwana Adonis ameleta utetezi mpya,
kurasa kumi na mbili, zimebanwa vizuri,
na katika aya ya nne
jina la mfereji limekosewa.
Nimelizungushia penseli.
Bado sijamwambia mtu.