Rangi ya Saba

Tuliingia Potosí Alhamisi, alfajiri,
kumi na wawili wenye fulana za aina moja,
mstari wa Injili mgongoni, vichwa vinagonga
kwa kimo cha milima inayokupokonya pumzi
kabla hujamaliza kusema Bwana asifiwe.
Ndoo nane za rangi ya chungwa. Brashi. Mipira miwili.
Na neno moja nililolibeba mwenyewe,
halikupimwa kwenye mizani ya uwanja wa ndege:
yatima.

Nilitarajia macho,
yale ya kwenye bahasha za sadaka, makubwa kuliko uso.
Nikakuta pua zinazovuja, soksi zisizofanana,
na Eulogio, miaka sita, aliyekagua viatu vyangu kwanza
kisha akauliza, kwa Kihispania cha polepole
kama anayemsemesha mtu mzito wa kuelewa:
"Unaondoka lini?"

Si jina langu. Si natoka wapi.
Nikamwambia, Jumamosi ya wiki ijayo.
Akahesabu vidole, kikabaki kimoja,
akaridhika,
akanishika mkono.

Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mama Primitiva wa jikoni hakuwa na nafasi ya methali:
alinisukumia beseni kabla sijavua koti,
viazi vyeusi, vidogo, vikavu kama kokoto,
vilivyogandishwa na usiku, vikakamuliwa kwa nyayo,
vikaanikwa mpaka vikasahau kwamba vilikuwa na maji.
Nilivimenya vibaya.
Akacheka, akavirudia vyote, kimoja kimoja,
wala hakuninyanyua kwenye kigoda.

Mchana tukapanga ndoo chini ya ukuta wa bweni.
Ndugu Mwakideu akapiga makofi: tuanze na sala,
kisha picha.
Hapo ndipo Nayra alipokuja na msumari.
Miaka kumi hivi, misuko miwili, sweta la mtu mwingine.
Akakwangua ukuta taratibu, kama anayemenya yai:
njano. "Wakorea."
Kijani. "Waitalia."
Samawati. "Wale wa gitaa."
Nyeupe. "Hawa walilia sana."
Waridi. "Hawa sikumbuki, nilikuwa mdogo."
Hudhurungi, nyembamba kama ganda la kitunguu,
akainua mabega.
Kisha udongo mtupu, mwekundu,
akaupuliza vumbi lake,
akatazama ndoo zetu.

Tulipaka.
Tungefanya nini? Tulikuwa tumeshaomba.
Jioni nikanawa bombani, maji yakaniuma hadi mfupani.
Hita ilikufa tangu Pasaka, alisema Mama Primitiva,
kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.
Hatukuwa tumeuliza.

Leo Jumapili mwanamke alisimama getini,
kofia ya mviringo, vidole vimepasuka,
mkate umefungwa kwenye kitambaa, bado una joto.
"Ni nani?"
"Mama," alisema Eulogio, akinishangaa.
"Anachambua mawe ya mgodini. Akipata chumba ananichukua."
Lile neno langu likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Hakuna aliyekuwa amenidanganya. Nilijiambia mwenyewe,
nikajiamini.
Mama mtu hakunisalimu, hakunishukuru.
Alitazama tu mkono wangu
na ulichokuwa umeshika.
Nikauachia.

Naandika haya chini ya mablanketi matatu,
rangi ya chungwa kwenye kucha, haitoki kwa sabuni.
Wenzangu wanasema ukuta umependeza, na kweli,
jua likiupiga unawaka kama tanuri.
Ila nyuma ya mlango, usawa wa kiuno cha mtoto,
nimeona alama mpya ya msumari,
ndogo kama punje ya dengu:
mtu amejaribu kuona
kama tumeshakauka.

Eulogio amebakiza vidole sita.