Wa Ukoo Gani?

Wanataka vitabu viwili, vikizidi vitatu,
vya kufanana na changu.
Visiwe vya zamani: miaka mitatu, mitano mwisho.
Visiwe vile ambavyo hata dereva teksi amevisoma,
huko ni kudai ujomba na sultani;
wala visiwe vilivyofia rafuni na vumbi lao,
nani apeleke posa nyumba ya matanga?

Basi hii si barua ya wakala. Ni barua ya posa.
Mambo haya nayajua. Nilimwona shangazi Mwanaidi
akihojiwa ukumbini, soda mkononi:
kijana wenu wa ukoo gani? Kwa nani kwingine mmeoa?
Leo mimi niko Hull, ghorofa ya pili ya maktaba,
mvua inapiga vioo kwa ubavu,
namtafutia binti yangu wa kurasa mia tatu na kumi
wajomba wa kusimama naye.

Ni binti aliyekufa akaufikia ule mto wa Wayunani
bila sarafu chini ya ulimi.
Mvushaji hakumvusha. Hakumfukuza.
Wakaketi ukingoni, miaka,
binti akamfundisha kucheza bao kwa kokoto,
na penzi likaingia kama maji yaingiavyo kiatuni:
hujui lini, unajua tu umelowa.

Bwana Garbutt, mkutubi, ameniletea kumi na kimoja.
Majalada zambarau na dhahabu,
makomamanga yamepasuliwa kila mahali
hata nikahisi njaa.
Cha kwanza, miungu wanabishana kama mawakili. Kirudi.
Cha nne kizuri. Kizuri mno. Nilikisoma kiwandani
saa ya mapumziko, glavu za njegere kwapani,
na ukurasa wa mia mbili nikaukuta mto. Mto wangu.
Na mtu ameketi ukingoni.
Nikakifunga. Siku mbili sikusema na mtu.
Zuwena akanicheka kwenye simu kutoka Leicester:
"Ulitaka jamaa, umempata,
sasa walia nini kwamba mmefanana pua?"

Chema chajiuza, alikuwa akisema bibi,
kibaya chajitembeza.
Bibi, huku hata chema hupanga foleni,
barua mkononi, ukurasa mmoja,
na jina la wakala lisikosewe herufi:
Thistlethwaite. Nimezihesabu mara tatu.

Cha pili nimekitoa rafu nyingine kabisa.
Hakina mungu hata mmoja.
Mwanamke anakusanya ushuru wa daraja, zamu ya usiku,
na dereva wa lori ambaye kila mara hana chenji.
Garbutt akainua nyusi: hiki si cha Kiyunani.
Nikamwambia, ukoo si sura tu.
Tazama wanavyosubiri.

Nimeandika: kitawapendeza waliopenda…
Nikafuta. Nikaandika tena.
Sentensi moja, jioni nne.

Lakini lipo jambo sikulipatia jamaa.
Bibi alipokufa nilikuwa huku, kazini.
Nilionyeshwa kwa simu: pamba, sanda tano, moshi wa udi.
Hakuna aliyemtilia sarafu mdomoni; si desturi yetu.
Alikwenda mikono mitupu,
nami usiku ule, ndani ya basi kando ya Humber,
taa za daraja zikiwaka upande mmoja tu kwa ukungu,
nikajiuliza, kwa ujinga wa majonzi,
nani atamvusha.

Hilo halimo baruani.
Barua inauliza nafanana na nani.
Nimeweka viwili, kisha nukta,
kisha jina langu, ambalo lilikuwa lake.
Bwana Garbutt anazima taa upande wa watoto,
anakohoa kwa adabu.
Dakika moja, namwambia.
Kidole kiko juu ya kitufe.