Fikiri kwa Sauti

Ukutani, juu ya kitanda cha mdogo wangu,
nimeandika kwa mkaa:
TELI MII ABAUTI YOSELFU.
Nabintu anauliza hiyo ni dawa ya nini.
Ya Alhamisi, namjibu, saa kumi kamili.

Miaka minne naandika programu hapa Kadutu,
usiku, Sineli ikitukumbuka,
na Kiingereza nilidhani ninacho:
ikiwa, la sivyo, rudia, vunja.
Kiingereza cha kuamrisha.
Sikuwahi kukiombea chumvi
wala kumwambia mtu, polepole, sijakusikia.
Mashine huiulizi imeamkaje.

Hasira za mama ni za Mashi,
bei ya sambaza ni ya Kiswahili,
diploma yangu ni ya Kifaransa, na muhuri wake.
Kiingereza hakina chumba katika nyumba hii.
Kinalala mlangoni,
asubuhi kinarukwa.

Cubaka, aliyepata kazi mwaka jana, alinisikiliza mara moja tu.
Ulimi wako hauna neno, alisema.
Kinachokuua ni kunyamaza.
Ukiulizwa unainama kama uko misani.
Wale hawaoni akili, dada, wanaisikia.
Fikiri kwa sauti.

Nasi tulilelewa kwamba anayefikiri hunyamaza
na anayejisemesha apelekwe akaombewe.
Basi wiki nzima niliugua.
Nilishuka ngazi nikiisimulia miguu yangu:
sasa nateremka,
nikikuta tope nitazunguka,
la sivyo nitaruka.
Mama Nyota wa makala akamvuta mtoto wake pembeni.

Na ile miaka!
Kifaransa kimenizoeza kuwa nayo, kama mbuzi:
nina miaka ishirini na sita.
Kwa Kiingereza huna miaka,
wewe ndiwe miaka yenyewe.
Nilitwanga sombe nikijirekebisha,
mimi ni ishirini na sita, mimi ni ishirini na sita,
mpaka Nabintu akaitikia toka uani:
na mimi ni kumi na moja!

Alhamisi.
Saa kumi kasoro dakika tano, Sineli wakakata.
Betri asilimia arobaini na moja, mega za kuhesabu.
Kwenye kioo akatokea mtu mwenye masharubu mekundu.
Alitaja jina lake, sikulishika,
nikasema ndiyo.

Akauliza: foleni, ile ya data, inafanyaje kazi?

Yote ya ukutani yakanikimbia.
Nikaliona bomba letu,
bidoni za njano zimepangwa tangu alfajiri,
Mama Nyota wa kwanza, hapitwi na mtu.
Nikasema hivyohivyo, kwa sauti,
Kiingereza kinachechemea, kiatu kimoja mguuni:
aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuteka,
mgeni anasimama mkiani,
hata akiwa na bidoni ndogo.

Akakuna sharubu.
Na akija mke wa mwanajeshi?

Nilicheka, sikuwa nimejizoeza kucheka.
Hiyo, nikamwambia, ni foleni ya aina nyingine,
ile inayokuuliza kwanza wewe ni nani.
Nikamchorea jinsi inavyopangwa.

Halafu, katikati ya sentensi yake, yeye akakwama.
Akatafuta neno, akalikosa,
akachezesha vidole hewani kama mtu anayepima kitambaa.
Nikamsubiri.
Kumbe nao hutafuta.
Kumbe kile Kiingereza naye alikuwa amekiazima mahali,
na usiku atakirudisha.

Betri ikafa kabla ya kwaheri.

Ni siku kumi na moja sasa, barua haijafika.
Nabintu amefuta nusu ya ukuta ili abandike ratiba ya shule;
imebaki YOSELFU peke yake.

Leo zamu yangu bombani.
Midomo inanichezacheza, sikuihisi.
Dada, ananigusa wa nyuma, unasema na nani?
Nafikiri, namjibu.
Sawa, anasema,
fikiri ukisogea.