Mizani ya Kaunta ya Saba

Hakuna barabara ya kwenda kwao.
Lami inakomea hapa, Anchorage,
penye mlango wa kioo unaojifungua wenyewe
na theluji ya viatu inayogeuka tope juu ya zulia.
Kutoka hapa ni mito, barafu, na anga.
Basi anga ndiyo njia,
na mimi ndiye karani wa njia.

Miaka kumi na minne nimesimama kaunta ya saba.
Nimepima matairi, nepi, magunia ya vitunguu,
keki ya harusi iliyofungwa utepe wa buluu,
piza kumi na mbili zilizokwisha poa
za vijana wa mpira wa kikapu,
na mashine ya kufulia ambayo mzee Wassillie
aliisindikiza kwa kiganja hadi mlangoni,
kama mtu anayemwaga mgeni.
Jeneza nalo hupita.
La jeneza sisomi namba kwa sauti.

Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi.
Njoo usimame hapa Ijumaa moja ya Desemba.

Ndege yetu ina viti tisa.
Hata watu tunawapima, na makoti yao.
Agafia Evon alipita Januari akija mjini,
tumbo mbele, yeye nyuma,
maana kwao hakuna chumba cha kuzalia.
Wiki tano alikaa bwenini, hospitali,
akihesabu ndege dirishani,
ipi inaelekea kwao, ipi inawadanganya wengine.

Leo kapanda mizani na boksi la machungwa.
Namba nyekundu zikatetema, zikatulia.
"Na huyu?"
Akashusha zipu ya koti, kidogo tu:
uso wa siku tisa, umekunjwa, umelala.
Hana tiketi. Hana kiti. Uzito anao.

"Jina?"

"Bado. Bibi yake ndiye atakayempa.
Lakini lilishatangulia.
Lilipita hapa Oktoba,
wewe mwenyewe ndiye uliyelipima."

Nikaikumbuka ile mashine ya kufulia.

Nyuma yake foleni inakohoa,
mtu na kasha la samaki anataka kujua
kama ukungu utatuacha tuondoke.

Nikaandika: mtoto mchanga, kilo tatu na nusu.
Pa jina nikapaacha wazi.
Rubani alipaangalia, akaniangalia,
akatia sahihi.