Daftari la Vipimo

Ukurasa wa mbele ni gauni la Bi Mwanakombo:
kiuno themanini, mkono hamsini na sita, salio elfu saba.
Ukiligeuza daftari kichwa chini, nyuma
kuna Kiitaliano, nilivyokisikia
kwa Mwalimu Gaudensia, ghorofa ya tatu, Upanga,
kila Jumanne nikishafunika cherehani.

Neno la kwanza: arya.
Nilidhani ni jina la mtu.
Akacheka mpaka miwani ikamteleza.
"Kwanza kuna resitativo," akasema, "hiyo ni kupatana bei:
umekuja lini, barua iko wapi, nani kakwambia.
Mambo yanasogea. Halafu yanasimama.
Wote wanatoka, anabaki mmoja na lake moyoni,
analisema mara tatu, mara nne,
na hakuna wa kumharakisha."
Nikamwambia, kwetu huyo ni mama akiosha vyombo.

Legato niliielewa hata hajamaliza:
mshono usioonyesha uzi ulikoanzia.
Stakato ni matobo ya sindano
siku uliyosahau kutunga uzi.

Tesitura ilinisumbua.
"Si noti ya juu unayoweza kuigusa. Hata paka hupanda bati.
Ni pale sauti yako ilipopanga chumba
na inalipa kodi bila kukopa."
Akabonyeza kinanda, akasikiliza, akashuka, akasikiliza tena.
"Nani alikwambia wewe ni soprano?"
Kwaya. Miaka kumi na moja.
Kwa sababu ni mwembamba, nadhani.
Kumbe mezo.
Miaka kumi na moja navaa nguo iliyokatwa kwa mwili wa mwingine,
nami ndiye fundi!

Kuhusu pumzi, aliniambia nishike mbavu.
Mimi nikatoa tepu.
Kabla: sabini na tisa. Nikavuta: themanini na nne.
"Sasa imba, na tepu isikimbie kurudi."
Ikarudi kama mlango uliopigwa na upepo.
Nimeandika tarehe. Mwezi wa tisa, sekunde sita.
Mwezi wa tatu, kumi na tisa,
na chini yake, zipu mbili nyeusi, usisahau.

Kisha pasajo.
Chini sauti ya kifua, juu sauti ya kichwa,
katikati pahali sauti hukatikia.
Hapo sikuhitaji kufundishwa.
Nalala Magomeni, nashona Kariakoo:
kiangazi unapita hata hukumbuki kwamba pana bonde,
masika barabara inafungwa.
Nina Jangwani kooni, kati ya mi na fa.

Jumanne ile maji yalikuwa yamefika kwenye nguzo.
Tulisimama Faya, chini ya kibaraza cha duka la matairi,
watu kama thelathini na mbuzi mmoja.
Askari ameinua mkono, hasemi kitu.
Nikafungua daftari: fermata.
Maelezo yamelowa, yamefutika.
Imebaki alama tu, nukta chini ya nyusi,
jicho linalokutazama: kaa hapo
mpaka anayeongoza akuachie.

Basi nikakaa.
Mdomo umefumbwa, mkono ubavuni,
nikaanza chini, kifuani, polepole, kama mtu anayeguna.
Re. Mi. Sikusukuma.
Mwalimu husema, ukiusukuma mlango huo unajifunga,
uegemee tu.
Nikauegemea.
Fa ikatoka. Sijui ilipita wapi.
Haikukwaruza, haikubisha hodi,
ilikuwa ileile sauti, upande wa pili.

Kijana wa karanga akaniinamia.
"Dada, unaumwa?"
"Nimevuka," nikamwambia.
Akayatazama maji, yale yanayobeba ndoo na tawi la mpera,
akavitazama viatu vyangu, vikavu,
akanipa karanga za mia mbili
na hakuzidai hela.